Barakoa za kushona nyumbani: Jibu tulilochelewa kumpa mzee wa delta

 

Ndugu msomaji, hivi karibuni tulikuwa nyumbani kwetu Kibiti tukipanga upya kasha la vitabu. Chini kabisa tulikuta furushi dogo la vitambaa lililofungwa kwa uzi. Zilikuwa barakoa kumi na tatu, mabaki ya zile zilizoshonwa nyumbani kwetu mwaka 2020, siku za ugonjwa wa korona. Kijana mmoja wa darasa letu la jioni, ambaye wakati ule alikuwa bado mtoto mdogo, aliichukua moja, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatutazama kupitia kitambaa chenyewe, kisha akauliza: "Shehe, hivi hizi kweli zilikuwa zinazuia kitu?"

Kijana hakujua kwamba swali lake tulikwisha kuulizwa na mzee mmoja wa delta ya Rufiji, na kwamba tulimjibu kwa haraka mno. Leo tumeona ni wajibu kulijibu kwa ukamilifu. Maradhi ya kuambukiza kwa pumzi hayakuisha duniani, na yatakaporudi kwa jina jingine akina mama watakaa tena mbele ya cherehani zao. Aidha, katika swali hilo tunalo deni, na deni halilipwi kwa kunyamaza.

ILIVYOANZA KWETU

Wasomaji watakumbuka kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini mwetu alitangazwa Machi 16, 2020, huko Arusha. Siku iliyofuata serikali ilitangaza kufungwa kwa shule. Misikiti na makanisa hayakufungwa. Basi sisi tuliosimamia misikiti tukabaki na mzigo ambao wenzetu wa nchi nyingi hawakuwa nao, yaani kuwapanga watu katika safu, Ijumaa hadi Ijumaa, huku tukiwaomba wasiambukizane.

Barakoa za hospitali zilikuwa haba, na bei yake haikuwa ya mkulima wa mpunga wala mvuvi wa kamba. Ndipo mama watoto alipotoa cherehani yake ukumbini. Alikata vipande vya vitenge, mashuka ya zamani na kanga zilizochakaa, akavitia lastiki pembeni, nasi tukavigawa mlangoni mwa msikiti baada ya watu kunawa mikono.

Neno lenyewe lilikuwa la zamani. Bibi zetu wa pwani walilitumia kwa kifuniko cha uso cha wanawake wa Unguja na Uarabuni. Lakini kwa wanaume wa Kibiti kufunika uso hakukuwa jambo jepesi. Wilaya yetu ilikuwa imetoka karibuni katika kipindi cha mauaji yaliyofanywa na watu wasiojulikana, na katika siku moja ya Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8. Mzee mmoja alitunong'oneza akisema kwamba mtu anayeficha uso humtia hofu kuliko ugonjwa wenyewe. Hatukumlaumu.

JARIFE NA UDUVI

Mfungo wa Ramadhani ya mwaka ule ulikuwa unakaribia, mwishoni mwa Aprili, tulipofunga furushi la barakoa na kwenda Nyamisati, tukapanda boti kuingia delta. Asiyeifahamu delta ya Rufiji ajue kwamba ni mtandao wa mito na vijito vya maji chumvi katikati ya msitu wa mikoko, mmoja wa misitu mikubwa ya mikoko katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Vijiji vyake vimejificha humo, na mgonjwa hufika hospitali kwa kufuata maji yanavyojaa na kupwa.

Katika kijiji kimoja tulimkuta mzee akirekebisha nyavu chini ya mwembe. Tulimwamkia, akatuitikia, tukampa barakoa. Aliigeuza mkononi, akaitazama upande huu na upande huu, kama mtu anayekagua wavu wa kununua.

"Shehe," akasema, "mimi nimevua tangu ujana wangu. Sijapata kuona jarife likinasa uduvi. Nasikia mdudu wa maradhi haya haonekani hata kwa macho. Sasa kitambaa hiki chenye matundu kinamzuiaje?"

Tulimwambia: "Vaa tu, mzee wangu. Kinazuia, inshaallah."

Akatutazama kidogo, kisha akasema: "Ukisema wewe, Shehe, basi." Akaivaa.

Maneno yale manne ya mwisho hayajatutoka. Hakukubali kwa kuwa ameelewa. Alikubali kwa kuwa aliyesema ni sisi.

SHAKA TULIYOIFICHA

Ukweli ni kwamba sisi wenyewe tulikuwa na shaka. Usiku wa kabla ya safari ile tulikuwa tumefanya jaribio. Tuliwasha mshumaa mezani, tukavaa barakoa ya kitenge ya tabaka moja, tukajitenga kiasi cha shubiri moja na kuupuliza. Mshumaa ulizimika mara moja. Tukavaa iliyokuwa na tabaka mbili, moja ya kitenge na moja ya bitana. Moto ulilala kisha ukasimama. Tukaishika pamoja na kipande cha fulana ya pamba, zikawa tabaka tatu, na moto ukatikisika tu. Lakini hapo hapo tukahisi pumzi ikitutoka mashavuni, na miwani yetu ikajaa mvuke.

Jaribio la mshumaa si kipimo cha maabara. Hata hivyo lilitosha kutuonyesha mambo mawili. Kitambaa cha tabaka moja ni dhaifu, na pumzi iliyozuiwa mbele hutafuta njia pembeni. Nyingi ya barakoa zilizokuwamo furushini zilikuwa za tabaka moja. Tulilijua hilo, na bado tulizigawa bila kusema neno. Tulichelea kwamba watu wakisikia shaka yetu wangezitupa zote.

Shaka hiyo ilizidishwa na habari za redio. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema kwamba mtu mzima wa afya hana haja ya kuvaa barakoa mitaani. Februari 29 mganga mkuu wa Marekani aliwataka wananchi wake waache kuzinunua. Aprili 3 nchi hiyo hiyo ikawashauri watu wavae za kitambaa. Juni 5 Shirika la Afya nalo likatoa mwongozo mpya, likaeleza namna ya kuzishona. Wengi wakasema kwamba wataalamu hawajui wanalolisema.

Sisi tuliosoma fiqhi hatukupaswa kushangaa. Imam Shafii, ambaye wengi wa watu wa pwani hii tunafuata madhehebu yake, ana kauli za zamani alizozitoa Iraki na kauli mpya alizozitoa Misri. Alipopata dalili yenye nguvu zaidi aliiacha rai yake ya mwanzo, na hakuna mwenye elimu anayemwita mwenye kigeugeu kwa sababu hiyo. Mtaalamu mwaminifu hubadili kauli pale ushahidi unapobadilika.

WATAALAMU WALIPIMA NINI

Basi, ushahidi ukoje? Tutautaja ulio upande wa barakoa za kitambaa na ulio dhidi yake.

Mwaka 2013, miaka saba kabla ya korona, watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kupima vitambaa vya nyumbani. Walipovirushia chembechembe za kirusi kisicho na madhara, kitambaa cha fulana ya pamba kilizuia takribani nusu yake, wakati barakoa ya hospitali ilizuia takribani tisa katika kila kumi. Kisha waliwapa watu wajishonee barakoa na kukohoa. Barakoa ya hospitali ilikuwa bora mara tatu katika kuzuia vijidudu visitoke kwa mkohoaji. Hitimisho lao lilikuwa kwamba ya nyumbani iwe kimbilio la mwisho, lakini ni bora kuliko kutovaa chochote.

Mwaka 2015 ukachapishwa utafiti wa Hanoi, nchini Vietnam, uliowahusisha watumishi 1,607 wa hospitali 14. Waliovaa barakoa za kitambaa wodini waliugua zaidi kuliko waliovaa za hospitali. Vitambaa vile vilipopimwa maabara, asilimia 97 ya chembechembe ilipenya, wakati kwa barakoa za hospitali ilipenya asilimia 44. Hii ni hoja nzito dhidi ya kitambaa, na hatuifichi. Ila tuzingatie kwamba wale walikuwa watu wanaokaa na wagonjwa kutwa nzima, na walilinganishwa na wenye kinga bora zaidi.

Utafiti mkubwa zaidi ulifanywa Bangladesh, nchi ya Waislamu na ya delta kama yetu, kuanzia Novemba 2020 hadi Aprili 2021, katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 340,000. Vijiji vingine viligawiwa barakoa na kuhamasishwa, maimamu wakiwa miongoni mwa wahamasishaji, na vingine viliachwa kama vilivyo. Uvaaji ulipanda kutoka watu 13 katika kila 100 hadi 42. Katika vijiji vilivyopewa barakoa za hospitali, wagonjwa waliothibitishwa kwa kipimo cha damu walipungua kwa takribani asilimia 11, na kwa wazee wa zaidi ya miaka 60 kwa takribani asilimia 35. Katika vijiji vilivyopewa za kitambaa, upungufu ulikuwa mdogo kiasi kwamba watafiti hawakuweza kusema kwa yakini kuwa umesababishwa na barakoa hizo.

Ndugu msomaji, huo ndio ushahidi. Yule mzee mvuvi hakuwa mjinga, wala shaka yetu haikuwa wasiwasi wa shetani. Barakoa ya kitambaa ni kinga dhaifu. Swali linalobaki ni je, kinga dhaifu ni sawa na kutokuwa na kinga?

KITAMBAA CHA KUCHUJIA MAJI

Turudi Bangladesh kwa jambo jingine. Huko watu wa vijijini huugua kipindupindu kwa kunywa maji ya mito na madimbwi, kama inavyotokea kwetu delta. Mwanasayansi Rita Colwell na wenzake waliwafundisha akina mama kuchuja maji kwa kitambaa cha sari kilichochakaa, kikiwa kimekunjwa mara kadhaa. Mwaka 2003 walichapisha matokeo kutoka vijiji 65. Kipindupindu kilikuwa kimepungua kwa asilimia 48.

Ajabu iko hapa. Kijidudu cha kipindupindu ni kidogo mno kuliko tundu la sari iliyokunjwa. Kikiwa peke yake hupita bila kizuizi. Lakini kwa kawaida hakikai peke yake. Hujishika kwenye miili ya viumbe wadogo wanaoelea majini, na viumbe hao hunaswa na kitambaa. Aidha, sari kuukuu ilikuwa bora kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zilizolegea kwa kufuliwa huziba matundu.

Kirusi cha korona nacho hakitoki kinywani kikiwa uchi. Hutoka kimebebwa na tone la mate au la pumzi. Matone makubwa, ya mtu anayekohoa, anayepiga chafya au anayesoma kwa sauti, hukwama kitambaani. Matone madogo sana, yanayoelea hewani kama moshi wa ubani, mengi hupenya au hupita pembeni. Kwa hiyo kitambaa huzuia sehemu na huachia sehemu. Tena kazi yake kubwa ni kumlinda jirani na mate yako, kuliko kukulinda wewe na pumzi ya jirani.

Na lile la jarife na uduvi? Tungemjibu mzee hivi: barakoa haifanyi kazi kama wavu, inafanya kama msitu wa mikoko. Chembe ya tope ni ndogo mara maelfu kuliko nafasi iliyo kati ya mzizi na mzizi, na kama mikoko ingekuwa wavu, tope lote lingepita kwenda baharini. Lakini maji yanapoingia mizizini huzungushwa huku na huku, hupunguza kasi, na tope huachwa humo. Ndivyo pumzi inavyopita katika nyuzi. Hulazimika kupinda, na chembe zisizoweza kupinda nayo hugonga uzi zikabaki. Zilizo ndogo sana huyumbayumba hovyo, nazo baadhi hugonga uzi. Msitu mwembamba hushika tope kidogo, na msitu mnene hushika zaidi. Ndiyo maana ya tabaka tatu. Na pale penye kijito wazi, maji hupita na tope lake lote bila kuugusa msitu. Ndiyo maana ya kuibana barakoa puani na mashavuni.

Maelezo haya yangemchukua mzee dakika tano. Naye, aliyezaliwa katika mikoko, angeyaelewa kuliko sisi tuliosoma vyuoni.

KUFUNIKA MDOMO KATIKA SWALA

Baadhi ya waumini walitupinga kwa hoja ya dini, na walikuwa na haki ya kuuliza. Imepokewa katika Sunan Abu Dawud, kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kufunika mdomo wake akiwa katika swala. Je, kuswali na barakoa si kuvunja amri hiyo?

Imam Nawawi, katika kitabu chake Al-Majmu', ameeleza kuwa katazo hilo ni la karaha, na kwamba halibatilishi swala. Na wanavyuoni wanakubaliana kwamba karaha huondoka panapokuwa na haja. Kuchelea kumdhuru mwenzako safuni ni haja iliyo wazi.

Tena tunayo hadithi nyingine ya Abu Hurayra, waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, inayoeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alipopiga chafya alikuwa akifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo yake, na akiipunguza sauti yake. Angalieni, ndugu zetu: alitumia nguo. Kitambaa tu, cha tabaka iliyokuwapo, bila maabara. Hakuacha kuziba kwa kuwa kitambaa hakizuii kila kitu.

Hali kadhalika mafaqihi wana kanuni kwamba jambo lisilopatikana lote haliachwi lote. Asiyeweza kuswali wima huswali ameketi. Naye Mwenyezi Mungu, katika Sura ya 64, aya ya 16, ametutaka tumche kwa kadiri ya uwezo wetu. Wahenga wetu nao walisema nusu shari kuliko shari kamili.

DENI LETU

Sasa tuseme lililo zito kwetu.

Kufikia katikati ya mwaka 2020 watu wengi walikuwa wamekwisha kuziweka barakoa kando. Takwimu za nchi zilikuwa zimesimama, zikiwa zimeonyesha wagonjwa 509 na vifo 21, na hazikutolewa tena hadi katikati ya mwaka 2021. Mashule yalifunguliwa, boti zikajaa. Lakini mzee wetu wa delta hakuivua yake. Alikuwa ameambiwa na Shehe kwamba inazuia.

Mjukuu wake alitusimulia baadaye. Mzee aliifua kila jioni na kuianika. Aliivaa kwenye boti, kwenye mnada wa samaki, na misibani. Watu walipomwambia asiingie chumba cha mgonjwa anayekohoa, alijibu kwamba yeye amevalishwa na Shehe. Katika khitma moja ya msimu wa mvua alikaa chumba kilichofungwa madirisha, watu wamebanana begani kwa bega, wengine wakikohoa, naye ametulia katikati yao na kitenge chake cha tabaka moja. Kitambaa kilikuwa kimekuwa hirizi.

Februari 2021 alishikwa na homa, kisha pumzi ikambana. Hakupimwa. Alifariki dunia wiki ile ile ambayo taifa lilimzika Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, aliyefariki Februari 17 baada ya kuutangazia umma kwamba ameambukizwa korona. Siku chache baadaye, Februari 21, Rais Magufuli aliwataka wananchi wachukue tahadhari, akisisitiza barakoa zilizotengenezwa hapa nchini. Watu wakaanza tena kuzitafuta. Kwa mzee wetu ilikuwa imechelewa.

Tulipokwenda kuhani tuliikuta barakoa ile imetundikwa kwenye msumari juu ya mkeka wake, safi, imekunjwa vizuri.

Ajali ya kila mtu ameiandika Mola wake, na hatudai kwamba tabaka mbili zaidi zingemrefushia umri. Lakini imani ya kadari haituondolei sisi hesabu ya maneno yetu. Sayyidna Umar (r.a.), alipozuia jeshi lisiingie Sham penye tauni na Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alimjibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Anayemwelekeza mtu njia ya kukimbilia anawajibika kumwonyesha hadi wapi njia hiyo inafika.

Tulimnyima mzee nusu ya pili ya jibu. Tulipaswa kumwambia: mzee wangu, kitambaa hiki kinasaidia kidogo, kwa hiyo usikitegemee peke yake. Kaa penye upepo, usiingie chumba cha mkohoaji, na kaa mbali na msongamano. Tulidhani kwamba kuonyesha shaka kutamfanya aache kinga. Kumbe kuificha kulimfanya aache tahadhari nyingine zote. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mficha shaka kumbe ni vivyo hivyo.

YAFAAYO KUSHIKWA

Ili makala hii isibaki kuwa majuto matupu, tunaziusia familia za Kiislamu mambo haya, kwa siku ambayo haja itarudi.

Kwanza, barakoa ya nyumbani iwe ya tabaka tatu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Juni 2020 ulishauri tabaka ya ndani iwe ya pamba inayonyonya unyevu, ya nje iwe ya kitambaa kisichonyonya maji kama polista, na ya kati iwe ya kitambaa kisichofumwa cha polipropilini. Hiki kinafanana na kile cha mifuko mbadala iliyoenea nchini baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Juni 1, 2019. Inua kitambaa kwenye mwanga. Ukiona sura ya mtu kupitia humo, kama alivyotuona kijana wetu, hicho hakifai peke yake.

Pili, ibane. Tia waya mwembamba kwenye pua, na ifunike hadi chini ya kidevu. Barakoa iliyoshushwa kidevuni wakati wa kuzungumza haina kazi, kwani mate hutoka wakati huo hasa.

Tatu, ifue kila siku kwa sabuni na maji ya moto, uibadilishe ikilowa, na usiazimane na mwenzako. Watoto wa miaka mitano na chini ya hapo wasilazimishwe.

Nne, anayemuuguza mgonjwa nyumbani atafute barakoa ya hospitali, na ya kitambaa iwe pale tu hiyo inapokosekana. Mgonjwa mwenyewe naye afunikwe mdomo akiweza. Hili lahusu pia kifua kikuu, ambacho kilikuwapo kabla ya korona na bado kipo. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asingoje, aende zahanati akapimwe.

Tano, upepo ni bora kuliko kitambaa. Wazee wetu wa Rufiji wanaolinda mashamba juu ya madungu yaliyo wazi pande zote wanaijua neema hiyo. Khitma na arobaini zifanyike barazani au chini ya mwembe. Madirisha ya msikiti yafunguliwe. Na mwenye homa na kikohozi aswali nyumbani, kwa kuwa ugonjwa ni udhuru unaomwondolea wajibu wa Ijumaa, na asione haya.

Sita, chanjo inapopatikana na wataalamu wakaithibitisha, ni kinga yenye nguvu kuliko kitambaa chochote. Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua chanjo ya korona Julai 28, 2021, akachanjwa mbele ya watu, wengi wetu tulikuwa na shaka nayo pia. Shaka ikutume kwa daktari kuuliza, isikutume nyumbani kulala.

Mei 5, 2023, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si dharura ya dunia tena. Alhamdulillahi. Zile barakoa kumi na tatu hatukuzitupa. Mama watoto amezifumua, na pamoja na vipande vya pamba na vya mifuko mbadala ameziunganisha upya kuwa chache za tabaka tatu. Kijana wetu wa darasa la jioni alizijaribu kwa mshumaa, na moto ukatikisika bila kuzimika. Akauliza: "Kwa hiyo hizi sasa zinazuia, Shehe?"

Safari hii tulimkalisha chini, tukaanza na mikoko.

Wabillahi tawfiq.